Uhusiano wa Majedwali katika Kamusi ya Tarakilishi

Mwaka wa 1970, Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kuwa data ihifadhiwe katika majedwali yanayohusiana. Leo mtayarishaji wa kamusi ya tarakilishi anaweza kutumia programu patanishi, mathalani ile iliyomo katika Django. Yeye hueleza uhusiano huo kwa lugha ya kuundia programu, nayo huutafsiri kuwa amri za hifadhidata.

Tuchukue majedwali mawili: Kidahizo na Maana. Kidahizo kimoja chaweza kuwa na maana nyingi; kwa hivyo kila safu ya Maana hubeba ufunguo wa kigeni, yaani nambari ya kidahizo chake. Ngeli nayo huwekwa katika Kidahizo.

Hapa ndipo isimu inapohitajika. Kichwa cha mtu na kichwa cha habari ni polisemia: kidahizo kimoja, maana mbili. Paa la nyumba na paa mnyama ni homonimia: vidahizo viwili, kimoja cha ngeli ya LI-YA, kingine cha A-WA. Tukiviunganisha, ngeli moja itapotea.

Aidha, tangu toleo la 2.0 la mwaka wa 2017, Django humlazimu mtayarishaji kutamka litakalotukia kidahizo kikifutwa: kwa mfano, maana zifutwe nacho, au ufutaji ukataliwe. Akichagua la kwanza, atakayefuta paa la nyumba atamfuta na mnyama.

Tarakilishi hutii tu uhusiano iliopewa. Wanaisimu wasiwaachie wataalamu wa tarakilishi kazi hii peke yao.