Swali la Nderitu

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Hii ya leo imetokea kweli, wanangu, kwa hiyo sogeeni msikie vizuri.

Palikuwa na msichana aliyeitwa Wangari, ambaye baadaye alijulikana kama Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Kaka yake Nderitu alikuwa akisoma. Wangari alibaki nyumbani akimsaidia mama kuokota kuni, kuteka maji na kulima. Si kwamba watu walimchukia. Wasichana wengi wakati ule hawakupelekwa shule, na jambo likishazoeleka hakuna anayeliuliza tena.

Nderitu aliuliza. Alimwendea mama akataka kujua: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mama akalifikiria swali lile, akaona hakuna sababu ya kumzuia binti yake. Basi Wangari, akiwa na umri wa miaka 8, akaanza shule.

Siku ya kwanza alifuatana na binamu yake aliyekuwa ameshajua kusoma. Njiani binamu akaketi, akatoa daftari na penseli, akaandika. Kisha akachukua raba, akafuta. Maandishi yakatoweka! Wangari akaduwaa. Akatamani naye aweze kufanya maajabu yale. Binamu angeweza kumcheka mgeni wa shule asiyejua hata raba. Yeye akamwonyesha, na hamu ya kusoma ikamwingia Wangari palepale barabarani.

Akasoma mpaka chuo kikuu. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, na akina mama wa vijijini wakapanda miti mamilioni kwa mamilioni. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Sasa mtazameni tena Nderitu. Hakutoa pesa wala nguo. Alikuwa mtoto kama ninyi. Alimwona aliyeachwa nyuma, akamsemea kwa mtu mkubwa. Mimi naamini huo ndio wema mgumu kuliko wote darasani, maana anayeachwa nyuma mara nyingi hasemi. Yupo anayekaa dawati la mwisho, haoni ubaoni, ananakili makosa kila siku. Yupo mgeni aliyehamia kutoka mbali. Wakati wa mapumziko anasimama peke yake ukutani kwa sababu hajui mchezo wenu. Wewe unayemwona unaweza kusema, “Mwalimu, mwenzetu haoni, naomba tubadilishane nafasi.” Au, “Njoo, wewe utakuwa upande wetu.”

Na shukrani je? Wengi tunasema asante huku tumeshageuka, tunakimbia. Hiyo ni adabu, na ni nzuri, lakini haijatosha. Mtazame mtu usoni, mwite kwa jina, taja alichofanya: “Asante, Neema, kwa kunisubiri nimalize kuandika.” Neema atajua kwamba subira yake ilionekana, na kesho hatachoka kusubiri. Mwambieni hivyo mpishi wa uji anayewasha moto kabla hamjafika. Mwambieni aliyekuwa na zamu ya kufagia. Mwambieni na mwalimu wenu pia, maana mara nyingi yeye ndiye anayewafundisha kusema asante, halafu mwenyewe haambiwi.

Wangari hakusahau. Mwaka 2006, akiwa na miaka 66 na sifa zake zimeenea duniani, alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Unbowed. Humo alimtaja Nderitu kwa jina, akaeleza swali lile alilomuuliza mama. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita.

Ninyi msingoje muda mrefu hivyo. Kesho, kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia, kila mmoja amtafute mtu aliyemtendea wema darasani, amwambie ni wema gani.