Dola za Haki za Binadamu: Zinavyoingia Pwani na Nani wa Kuzihesabu

Likitajwa shirika la haki za binadamu barazani, hakosi mmoja wa kusema, "Hao wanakula dola tu." Hakosi na wa pili wa kumjibu kwamba lau si hao, kina mama ambao vijana wao wamepotezwa wasingekuwa na wa kuwashika mkono mahakamani. Wote wawili wana hoja. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunabishana juu ya pesa ambazo hatujui zinaombwaje, zinatolewaje wala zinalindwaje. Leo nataka nieleze hilo kwa lugha nyepesi, kisha niseme langu.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ruzuku si mkopo, kwa hivyo hairudishwi na haina riba. Wala si sadaka, kwa sababu sadaka ukishaitoa hudai risiti. Ruzuku ni pesa inayotolewa kwa kazi maalumu, kwa muda maalumu, na kwa masharti yaliyoandikwa kwenye mkataba. Sisi Waislamu tuna neno lililo karibu nayo zaidi: ni amana. Aliyeipokea hawezi kuifanyia atakalo, hata kama hilo atakalo ni jema.

Zinatoka wapi? Chukua mfano wa Mfuko wa Demokrasia wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 2005 wakati Kofi Annan akiwa Katibu Mkuu. Mfuko huo hutegemea michango ya hiari ya nchi wanachama, na sehemu kubwa ya pesa zake huenda kwa asasi za kiraia, si kwa serikali. Kwa miaka mingi ruzuku yake moja imekuwa kati ya dola 100,000 na dola 300,000 kwa mradi wa miaka 2. Ukipiga hesabu ya shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama milioni 13 hadi milioni 39 za Kenya. Marekani ina taasisi yake ya kufadhili demokrasia, iliyoundwa mwaka 1983, ambayo pesa zake huidhinishwa na Bunge la nchi hiyo. Umoja wa Ulaya nao una fungu la demokrasia na haki za binadamu. Hapa nyumbani kuna Amkeni Wakenya, mpango wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2008, ambao huchukua pesa za wafadhili na kuzigawa kwa mashirika ya humu nchini.

Zinaombwaje? Mfadhili hutoa tangazo lenye mada na tarehe ya mwisho. Shirika huandika pendekezo: tatizo ni lipi, linamuumiza nani, litafanywa nini, itajulikanaje kwamba kazi imezaa matunda, na itagharimu kiasi gani. Maombi huwa mengi mno na wanaofaulu huwa wachache.

Hapa pana jambo la kuuma. Mfuko huo wa Umoja wa Mataifa hupokea maombi kwa Kiingereza au Kifaransa peke yake. Kikundi cha kina mama Mtongwe au cha wavuvi Kizingitini huanguka kabla ya mbio kuanza. Wao ndio wanaoijua shida ilivyo, lakini anayepata ni anayejua kuandika kwa namna wafadhili walivyozoea kusoma, na mara nyingi huyo ana ofisi Nairobi. Kisha anashuka Pwani kututafuta sisi ili tujaze viti vya warsha yake. Sisemi kwamba ana nia mbaya. Nasema mlango umewekwa upande wake.

Zikishatolewa, zinalindwaje? Kila shilingi ina mahali pake kwenye bajeti: mshahara wa afisa wa mradi, nauli za washiriki, ukumbi, chai, uchapishaji. Kuhamisha pesa nyingi kutoka fungu moja hadi jingine mara nyingi kunataka idhini ya mfadhili. Ndiyo maana utaona warsha ya katiba inafanyika hotelini hali mtaa hauna maji. Mwenye mradi hakukataa kuchimba kisima kwa ubaya. Pesa ya elimu ya uraia hairuhusiwi kuchimba kisima. Hata kodi ya ofisi na umeme ni mtihani: Umoja wa Ulaya kwa kawaida hukubali gharama za uendeshaji zisizozidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Na pesa haziji kwa mkupuo. Huja kwa awamu, na awamu inayofuata husubiri ripoti ya iliyotangulia. Mwisho wa yote anakuja mkaguzi wa hesabu kutoka nje.

Kwa hivyo, kula dola si rahisi kama tunavyodhani. Lakini yawezekana. Orodha ya mahudhurio yaweza kubeba sahihi za watu ambao hawakufika. Warsha ya siku moja yaweza kuandikwa siku mbili. Mkaguzi aliyekaa ofisini na mafaili hawezi kuliona hilo. Anayeweza kuliona ni mimi na wewe, tuliokuwa pale ukumbini au tuliotajwa kwamba tulikuwa pale.

Na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Ruzuku humfanya mpokeaji awajibike juu, kwa aliyetoa. Hakuna sehemu ya kawaida ya mkataba inayomlazimisha awajibike chini, kwa wale ambao shida yao ndiyo iliyoombewa pesa. Mfadhili akiwa ughaibuni hupata ripoti ya kurasa nyingi. Mama wa Majengo aliyesimulia habari za mwanawe, na habari hizo zikaingia kwenye pendekezo, hapati hata karatasi moja.

Dawa yake tunayo hapa hapa Pwani. Mwaka 2007 shirika la MUHURI la Mombasa liliwafundisha wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge, CDF. Wakazi waliomba nyaraka, wakasoma bajeti, wakaenda kwa miguu kuangalia majengo yaliyodaiwa kujengwa, kisha wakaitisha kikao cha hadhara na wahusika wakaulizwa mbele ya watu. Kazi ile ilisifiwa hata nje ya nchi. Ukiniuliza ruzuku ya demokrasia ina faida gani, nitakutajia Changamwe. Ninachosema ni kwamba kipimo kile kile tulichompimia mbunge, mashirika yenyewe nayo yajipimie.

Watakaosema kwamba nawapa maadui silaha, nawaelewa. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, MUHURI na Haki Africa yaliwekwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamua kwamba hatua ile ilikuwa kinyume cha sheria. Lakini hesabu miezi ile yote. Shirika lisilo na akaunti halilipi wakili wala halimtoi mtu nauli ya kufika kortini. Miaka miwili kabla yake palikuwa na jaribio la kuweka sheria kwamba pesa za nje zisizidi asilimia 15 ya bajeti ya shirika, na Bunge likalikataa. Wenye nguvu wanajua vyema kwamba kulinyamazisha shirika si lazima ulifunge. Yatosha uzibe mfereji.

Lakini kisa hicho hicho kinaniunga mkono. Majina ya mashahidi na ya wahanga ni siri, na yabaki siri. Kiasi cha pesa, jina la mfadhili na kazi iliyofanywa si siri. Shirika ambalo watu wake wanazijua hesabu zake, siku likisingiziwa, lina mashahidi elfu mtaani. Lisilojulikana linabaki na wakili wake tu.

Sheria nayo imesogea. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa mwaka 2013, ikakaa zaidi ya miaka 11 bila kuanza kutumika, hadi ilipoanza tarehe 14 Mei 2024. Inayataka mashirika yaweke hesabu na kuwasilisha ripoti kila mwaka kwa mamlaka inayoyasimamia. Hiyo nayo ni kuwajibika juu. Kuwajibika chini kunahitaji sisi wenyewe tuulize.

Wala si jambo geni kwetu. Katika misikiti mingi, baada ya swala ya Ijumaa, katibu husimama akasoma: mchango wa wiki iliyopita ni kadha, umeme kadha, fundi kadha, kilichobaki kadha. Hakuna anayeona kwamba imamu ametukanwa. Nayaomba mashirika ya haki yafanye vivyo hivyo: karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe ofisini na isomwe barazani kila mradi unapoisha.

Kuna la mwisho. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ichunguzwe upya, na kufika tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limekoma kuiendesha misaada hiyo. Sahihi moja Washington iliwaacha watu wengi mbali na huko bila kazi na bila huduma. Haki inayotegemea uchaguzi wa nchi nyingine ni haki ya kuazima.

Wazee wetu wa Pwani walijua jawabu. Walipotaka msikiti au madrasa isimame baada yao, waliweka wakfu: nyumba au shamba, mali yenyewe haiuzwi, pato lake ndilo linalotumika. Je, pato la nyumba moja ya kupangisha Mji wa Kale haliwezi kumsafirisha mjane hadi mahakamani, au kumpatia aliyeonewa nakala za hati zake? Masheikh na watuongoze juu ya hukumu yake. Mimi naona kumsaidia aliyedhulumiwa hakuko mbali na makusudio ya wakfu.

Hadi hapo tutakapofika inshallah, anza na lililo mkononi. Ukialikwa kwenye warsha, kabla ya kutia sahihi yako kwenye orodha ya nauli, uliza matatu kwa adabu: mradi huu ni wa pesa ngapi, umeombwa kwa shida gani ya mtaa wetu, na utakapoisha mtatusomea lini hesabu yake?