Kuruka, Ubongo na Kutu ya Mwili

Wengi wetu tunapowaona watoto wakiruka kamba uani hudhani kuwa wanapoteza wakati. Leo tunapenda kulitazama jambo hili kwa makini, kwani wapo wanaolipuuza na wapo wanaolifanya kupita kiasi, na pande zote mbili hupata hasara.

Kwanza tuuangalie ubongo. Mwaka 1982 Yves-Alain Barde na Hans Thoenen, waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani, walitangaza kuwa wametenga kutoka ubongo wa mnyama protini ambayo leo huitwa BDNF. Protini hii huzilinda seli za neva zisife na huimarisha mafungamano baina yake, hususan katika hipokampasi, sehemu inayosaidia kuunda kumbukumbu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee 120. Waliotembea kwa mazoezi muda wa mwaka mmoja, hipokampasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Waliojinyoosha viungo tu, yao ilipungua. Na huko Ujerumani, mwaka 2007, ilionekana kuwa waliokimbia mbio fupi za nguvu walijifunza maneno mapya kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 20. Kuruka nako ni katika jamii hiyo ya mazoezi: nguvu nyingi kwa muda mfupi.

Pili, ipo kutu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni. Oksijeni inapotumika huzaliwa chembe huru, ambazo zikizidi hushambulia mafuta na protini za seli, mfano wa kutu ilavyo chuma. Hali hiyo ndiyo iitwayo mkazo wa oksidi, na zoezi kali huiongeza kwa muda.

Je, tuache kuruka? La hasha! Mwili ukionjeshwa dhara dogo mara kwa mara huzidisha vimeng'enya vyake vya kujikinga. Lakini anayeanza ghafla kwa pupa hubebeshwa mzigo kabla ngao haijawa tayari.

Hapa tunawanasihi wanaokimbilia vidonge. Mwaka 2009 watafiti walieleza habari za vijana wa kiume waliofanya mazoezi kwa wiki nne. Waliomeza kila siku miligramu 1000 za vitamini C pamoja na vitamini E walikosa faida waliyoipata wenzao ya mwili kuitikia insulini vizuri zaidi, na kinga yao ya asili haikupanda. Walinunua ngao ya dukani, ile ya mwilini ikalala. Matunda na mboga havimo katika lawama hii.

Basi tufanye nini? Haba na haba hujaza kibaba. Aanzaye aruke michache, juu ya ardhi isiyo ngumu mno, atue kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, apumzike siku moja au mbili, kisha aongeze polepole. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, magoti au mifupa dhaifu, na mama mjamzito, wamwone daktari kwanza. Asiyeweza kuruka asisikitike, kwani wale wazee hawakuruka hata mara moja. Walitembea tu, na ubongo wao ukanufaika.