Kumbukumbu za Vifo: Ushahidi Ulio Nje ya Daftari la Serikali (Sehemu ya Tatu)

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu linapofunguliwa nchini Tanzania, hurudi katika magazeti habari za vijana yatima wanaohangaika kutafuta na kuhakiki vyeti vya vifo vya wazazi wao. Bodi ya Mikopo haimtambui yatima kwa maneno yake, bali kwa cheti kilichohakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, au kwa upande wa Zanzibar na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mahangaiko ya namna hiyo humpata pia mjane anayeomba usimamizi wa mirathi, na mjukuu anayetaka kuandika nasaba ya ukoo wake lakini hajui babu yake alifariki mwaka gani. Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza wajibu wa kutoa taarifa ya kifo na tofauti iliyopo baina ya tangazo la kifo na cheti chenyewe. Sehemu hii inashughulikia jambo gumu zaidi, nalo ni namna ya kuthibitisha kifo ambacho daftari la serikali halina habari nacho.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba ukimya wa daftari si dalili ya uzembe wa ukoo. Nchini Kenya usajili ulianza mwaka 1904 kwa ajili ya Wazungu, ukawafikia Waasia mwaka 1906, na haukuwa wa lazima kwa nchi nzima hadi mwaka 1971. Tanganyika ilipata sheria yake ya usajili mwaka 1920, lakini kwa miongo mingi ulazima huo uliwahusu zaidi watu wasio Waafrika, huku Waafrika wakifikiwa eneo moja baada ya jingine. Kwa hiyo mtafiti asiyeona jina la bibi yake katika daftari la mwaka 1938 asidhani kuwa kumbukumbu imepotea. Huenda haikuwahi kuwapo, kwa sababu waliotunga utaratibu ule hawakuona kuwa kifo cha bibi huyo kilistahili kuandikwa. Huo ulikuwa udhalimu, na athari zake bado zinalipwa na wajukuu mbele ya mahakimu.

Hata hivyo, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakiandika vifo vyao karne nyingi kabla ya mkoloni kuleta fomu. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, lipo kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, ambao unalingana na mwaka 1399 wa Miladia, yaani kalenda ya kawaida ya serikali. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba katika magofu hayo mwaka 1948, alilifanya kaburi hilo kuwa kipimo cha kukadiria umri wa makaburi na majengo mengine yaliyolizunguka, na hivyo maandishi ya msiba wa nyumba moja yakawa msingi wa kuujua mji mzima. Makaburi ya Kunduchi na Kaole nayo yalijengewa nguzo, na mengine yakapambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka ng'ambo, ambazo nyingi zimekwisha kubanduliwa na wezi. Anayebandua sahani ya kaburi hudhani ameiba chombo tu, kumbe ameharibu ushahidi, kwa kuwa aina ya kauri ni miongoni mwa vitu vinavyomwezesha mtaalamu kukadiria wakati wa maziko pale ambapo hakuna maandishi.

Anayesoma tarehe za Hijria kwa ajili ya nasaba lazima azingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo na ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa Miladia, hata mtu aliyeishi miaka 70 ya Hijria huwa ameishi karibu miaka 68 tu ya Miladia. La pili ni kwamba siku ya Kiislamu huanza magharibi, kwa hiyo aliyefariki Alhamisi baada ya jua kuchwa huandikwa na jamaa zake kuwa amefariki usiku wa Ijumaa, ilhali karani wa hospitali huandika Alhamisi. Tofauti ya siku moja baina ya daftari la msikiti na cheti si lazima iwe uongo wa mtu yeyote, na hakimu au wakili anayelijua hilo hatawatuhumu warithi bure.

Mfano bora wa thamani na mipaka ya ushahidi wa kifo katika eneo hili ni ule wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Wafuasi wake wa Kiafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, walifanya karibu yote ambayo sheria za leo zinayadai. Waliuzika moyo chini ya mti, wakamwachia Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, asome ibada ya maziko na kuchonga maandishi katika shina la mti huo, kisha wakaukausha mwili na kuubeba kwa zaidi ya kilomita 1,600 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwili ulipofika London haukupokelewa kwa maneno matupu, bali ulitambuliwa na daktari kwa alama ya mfupa wa mkono uliowahi kuvunjwa na simba, ndipo ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Pamoja na uangalifu wote huo, tarehe ya kifo hicho ina utata hadi leo: maandishi ya mtini yalitaja tarehe 4 Mei, ilhali wanahistoria wengi huitaja tarehe 1 Mei. Ikiwa kifo cha msafiri mashuhuri kiasi hicho, kilichotokea kati ya watu wengi na kuandikwa papo hapo, kinaweza kuwa na tarehe mbili, basi haifai maombi ya mjane wa kijijini kutiliwa shaka kwa sababu tu mashahidi wake wanapishana kwa siku chache. Linalopimwa ni mwandishi ni nani, aliandika lini, alikuwa karibu kiasi gani na tukio, na kama yupo shahidi mwingine asiyemtegemea yeye. Maandishi yaliyofanywa wakati wa tukio na mtu aliyekuwapo yana uzito kuliko kauli iliyotolewa miaka 30 baadaye na mtu mwenye maslahi katika shamba la marehemu.

Kinyume cha habari hiyo ni habari ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la mtaa wa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu huku wakibeba mizigo ya majeshi yaliyopigana katika ardhi yao, na wengi hawakuandikiwa kaburi wala jina. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawaenzi kwa jumla, bila kumtaja hata mmoja. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 kwa ajili ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kosa hilo halikuwa la heshima peke yake, kwani mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi, na hapo inaonekana wazi kwamba anayenyimwa jina katika daftari la wafu hunyimwa pia haki katika daftari la fedha.

Chanzo kingine ambacho watafiti wa nasaba wanakipuuza mno ni magazeti ya zamani. Taasisi za misheni zilikuwa na majarida ya Kiswahili tangu karne ya 19, likiwemo Msimulizi lililoanza Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888, na Mambo Leo, jarida la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilipokea habari za miji kutoka kwa wasomaji wa kila pembe. Humo hupatikana tanzia, yaani tangazo la kifo au utungo wa kumlilia marehemu, ambayo mara nyingi hutaja kabila, kazi, mji wa asili na majina ya jamaa, mambo ambayo cheti hakiyataji yote. Anayetafuta mwanamke asikate tamaa asipoona jina lake, bali atafute jina la mumewe au la mwanawe wa kwanza, kwa maana wanawake wengi walitangazwa kwa majina ya ndoa na uzazi, na hiyo ni dhuluma nyingine iliyojificha ndani ya heshima.

Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1899, lina matangazo ya mirathi yanayotaja jina la marehemu, alikoishi na tarehe aliyofariki, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka bila malipo katika intaneti.

Kwa mwenye shida leo, njia ni hii. Aanze kwa msajili wa wilaya ambako kifo kilitokea, si ambako familia inaishi, akiwa na majina yote ambayo marehemu aliwahi kuyatumia. Asipopata kitu, akusanye kumbukumbu za hospitali, barua ya ofisa mtendaji au ya chifu, daftari la maziko la parokia au msikiti, na viapo vya watu waliozika, kisha aombe usajili uliochelewa, ambao sheria inauruhusu kwa ushahidi wa kuridhisha. Aliyetoweka bila kuonekana huhitaji uamuzi wa mahakama. Nchini Kenya kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi huruhusu mtu kudhaniwa amekufa baada ya miaka 7 ya kutosikika kwa wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake.

Lakini dawa ya kweli haiko katika kutafuta, iko katika kuandika. Matangazo ya vifo yaliyosomwa redioni kwa miaka mingi yaliwakusanya waombolezaji kisha yakapotelea hewani, na leo tanzia nyingi husambazwa kwa simu na kufutwa kabla ya arobaini kwisha. Kila msikiti, kila parokia na kila ofisi ya kijiji inapaswa kuwa na daftari la maziko lenye jina kamili la marehemu, majina ya wazazi wake, mahali alipozikwa na tarehe ya kalenda zote mbili, likatiwa saini na mashahidi wawili na nakala yake ikahifadhiwa mahali pengine. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya serikali wala msaada wa wafadhili. Inahitaji kalamu, uaminifu na watu wanaoamini kwamba kumzika maiti bila kuliandika jina lake ni kuiacha faradhi nusu njia. Sehemu ijayo itaeleza namna daftari la aina hiyo linavyopaswa kupangwa ili likubalike mahakamani.