Jiwe Kwanza, Rangi Baadaye

Mtu akitafuta mtandaoni mawazo ya kuchora mawe pamoja na watoto, anachopewa ni picha zilizokwisha kamilika: mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, bundi mwenye macho kama sahani, kipande cha tikitimaji, moyo wenye neno la faraja. Mzazi au mwalimu huchagua mojawapo, hununua makopo matatu ya rangi, huokota mawe yanayolingana ukubwa, na baada ya saa moja watoto kumi wametoa wadudu kumi wa sura moja. Kazi inapendeza, inapigwa picha, inapangwa dirishani. Sina ugomvi na wadudu hao. Ninachodai ni kwamba shughuli imeanzia mwisho. Mtoto amelifikia jiwe wakati uamuzi wote umekwisha kufanywa na mtu mwingine, na jiwe lenyewe, ambalo ndilo linaloitofautisha kazi hii na kuchora daftarini, limegeuzwa kuwa karatasi ngumu. Faida ya kuchora mawe imo katika kulisoma jiwe kabla ya kulipaka chochote. Wazo linalotafutwa kwenye simu mara nyingi limelala kiganjani.

Wachoraji wa kale walilijua hilo. Katika pango la Altamira, kaskazini mwa Hispania, wanyama wanaofanana na nyati waliochorwa kwenye dari wanaonekana wametuna kwa sababu wametuna kweli: mchoraji aliviona vinundu vya mwamba, akauweka mwili wa mnyama papo hapo, kisha akaongeza rangi nyekundu na mstari mweusi. Nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa na mwamba. Mawe madogo nayo yana historia yao. Huko Mas d'Azil, kusini mwa Ufaransa, mwanaakiolojia Édouard Piette alifukua mwishoni mwa karne ya 19 mawe ya mtoni yaliyolainishwa na maji, yakiwa na vitone na mistari ya udongo mwekundu iliyotiwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama yalikuwa ya kuhesabia au ya ibada. Mimi kinachonivutia ni uchache wa rangi: vitone kadhaa, mistari miwili mitatu, basi. Na kusini mwa Namibia, katika pango lililopewa jina la Apollo 11 kwa kuwa habari za safari ile ya mwezini zilifika wakati uchimbaji ukiendelea mwaka 1969, vilipatikana vibamba vya mawe vyenye picha za wanyama, vinavyokadiriwa kuwa na umri usiopungua miaka 25,000. Vibamba hivyo havikuwa ukuta wa pango. Vinabebeka mkononi, kama jiwe la mtoto.

Hata hivyo si lazima twende Namibia. Mchongaji wa Kimakonde anayechonga shetani hachukui gogo la mpingo akalilazimisha lifuate picha aliyoichora pembeni. Huligeuzageuza, huona tawi lilipopinda, fundo lilipotokeza, ufa ulipopita, na kutoka hapo kiumbe chenye jicho moja au mkono unaozunguka kiuno huanza kujitokeza. Ndiyo maana hakuna mashetani wawili wanaofanana kabisa. Mtoto wa miaka sita hawezi kushika tindo, lakini kitendo cha kwanza cha mchongaji, kile cha kukigeuza kitu mkononi na kujiuliza kinataka kuwa nini, anakiweza barabara. Jiwe lenye ncha moja butu na nyingine iliyochongoka ni panya anayengoja macho. Lenye mstari mweupe katikati lina barabara, au mto, au mshipi. Lenye shimo lina mdomo tayari, na swali pekee lililobaki ni mdomo huo unasema nini.

Kuna wanaojibu kwamba mtoto akiachwa bila mfano atakaa ameduwaa na kusema hajui achore nini. Hutokea, lakini hutokea zaidi mbele ya karatasi tupu, isiyokuwa na cha kumpa. Jiwe lina umbo, uzito, doa na kasoro, na kila kimojawapo ni pa kuanzia. Rhoda Kellogg, mwalimu wa watoto wadogo huko San Francisco, alikusanya michoro ya watoto ipatayo milioni moja, na katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza kwamba mikwaruzo yao ya mwanzo inaweza kupangwa katika aina 20 za msingi, ambazo baadaye huungana kuwa duara, jua lenye miale, na hatimaye yule mtu tunayemfahamu sote, mwenye miguu inayotoka kichwani. Watoto hufika huko bila kielelezo cha mtu mzima. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu aliyejaza jiwe zima mikwaruzo hajaharibu jiwe, na mama asichukue brashi kumrekebishia. Amefanya kazi ya umri wake.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye sanaa yetu wenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki mwaka 1972, na mtindo wake umeishi zaidi ya nusu karne kwa sababu wanafunzi walikaa kando ya mafundi wakaiga chui, ndege na tembo mpaka mkono ukazoea. Kama kuiga kumezaa Tingatinga, kwa nini kuwe na ubaya kwa mtoto na bundi wake? Nakubali kwamba kuiga kunafunza mkono. Lakini tutazame mtindo wenyewe ulivyozaliwa. Tingatinga alichora kwenye vipande vya mbao laini za kiwandani, akitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vitu alivyovimudu. Mng'ao wa rangi ile, mandhari bapa yasiyo na kivuli, mnyama mmoja aliyekijaza kibao kizima: hayo hayatenganishiki na vifaa vilivyokuwa mbele yake. Wanafunzi waliiga baada ya mtu mmoja kusikilizana na vifaa vyake. Tena waliiga wakiwa vijana wanaotafuta ufundi wa kuwalisha, jambo ambalo mtoto wa chekechea halihitaji leo wala kesho. Mtoto akitaka kuiga jiwe la mwenzake, aige. Hilo hutoka kwake mwenyewe, na kwa kawaida nakala huanza kupotoka kabla rangi haijakauka.

Basi kazi ianze kwa matembezi, na matembezi hayo yategemee mahali mtu anapokaa. Mwanza na Dodoma kuna itale, jiwe gumu lenye chembe zinazometameta, na vipande vilivyolainishwa hupatikana kwenye makorongo baada ya mvua. Karibu na Kilimanjaro na Meru kuna mawe ya volkano yenye vitundu, mepesi mkononi, yanayofyonza rangi ya kwanza kama sifongo. Pwani mambo ni magumu kidogo, maana jiwe la pwani ni la matumbawe, linalokwaruza na kuchubuka, ingawa kwa mnyama mwenye manyoya au kichaka chenye miiba halina mfano. Kokoto za ujenzi zilizopondwa kwa nyundo nisingempa mtoto mdogo. Kingo zake hukata. Mawe yaliyo ndani ya hifadhi, ya nchi kavu au ya bahari, yabaki huko. Yaliyookotwa yaoshwe kwa brashi na maji baridi, yakauke juani mpaka yakauke kweli, kwa sababu vumbi na unyevu ndivyo vinavyofanya rangi ibanduke, na yaliyotoka baharini yalowekwe kwanza maji yasiyo na chumvi. Jiwe linaloweza kuingia mdomoni mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu lisiwe mezani kabisa.

Kuhusu rangi ndipo wazazi wengi huona gharama, na ndipo palipo na hatari ya kweli. Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti huonekana kuwa dawa ya bei nafuu: inang'aa, haitoki kwa maji. Lakini rangi za namna hiyo zimejulikana miaka mingi kwa kutiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Madini hayo hudhuru ubongo unaokua. Kopo ambalo halikuandikwa kwamba halina risasi lisifunguliwe mbele ya watoto. Chokaa ya ukutani nayo huunguza macho na ngozi. Rangi zilizobaki ni nyingi na karibu zote ni za bure. Maseremala wa zamani walipiga mistari yao kwa ngeu, udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, na rangi yake ni ya ukoo mmoja na ile ya mapangoni. Mkaa uliosagwa hutoa weusi, chaki iliyopondwa hutoa weupe, bizari ya manjano hutoa njano kali, ingawa jua huififisha upesi. Unga huo huchanganywa na kitu cha kuugandisha. Mafundi wa Ulaya walitumia kiini cha yai kwa karne nyingi, na kwa kazi hii hufaa sana, lakini katika nyumba ambayo yai moja ni mboga ya mtu, uji mwembamba wa unga wa ngano au gundi ya mgunga hutosha. Brashi? Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki huchora mstari mnene, na unyoya wa kuku huchora mwembamba. Kutengeneza rangi humchukua mtoto muda mrefu kuliko kuchora kwenyewe, na sioni kama muda huo umepotea.

Neno hilo la kupoteza muda husikika hasa shuleni, ambako mwalimu wa madarasa ya chini anatakiwa kwanza kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu huyo angeweza kuwapa watoto kazi ya kutengeneza dhumna. Seti kamili ina vipande 28 na vitone 168, na hakuna atakayeipata sawasawa bila kuhesabu, kukosea, na kuhesabu tena. Hapa mawe bapa yanahitajika, kwa hiyo kuyatafuta tu ni somo la kulinganisha na kuainisha. Vijiwe vya mdako vikipakwa rangi tofauti, mtoto anayerusha na kudaka anataja rangi au namba. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Komwe ndizo zilizozoeleka, ila pasipo na mkomwe vijiwe vitafanya kazi. Nakiri kwamba kwenye michezo jiwe hulazimika kufuata kanuni, na kuna mgongano kidogo na nilichosema mwanzoni. Lakini kanuni hiyo mtoto anaijua ilikotoka, kwa kuwa ameshauona mchezo unachezwa barazani.

Liko pingamizi la mwisho, na nadhani linastahili kujibiwa kwa uzito kuliko yote. Huko Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Babati, miamba ina watu wembamba warefu, twiga, tembo na pofu waliochorwa kwa wekundu, na juu yao michoro mizito myeupe ya wakulima waliokuja baadaye. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili mingi mwaka 1951, na kitabu alichokitoa mwaka 1983 alikiita sanaa ya Afrika inayotoweka. Eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Je, kumzoeza mtoto kupaka rangi mawe si kumfundisha aandike jina lake juu ya twiga yule? Hofu hii ina msingi, kwani jina lililoandikwa kwa mkaa au kuchongwa kwa msumari haliondoki bila kuchukua mchoro pamoja nalo, na hata maji yanayomwagwa ili rangi ing'ae kwenye picha huila rangi hiyo kidogo kidogo. Lakini anayeharibu mchoro kwa kawaida ni yule anayeuona kama doa ukutani. Mtoto aliyesaga ngeu, akaikoroga na gundi, akaona ikimtoka vidoleni kwa tone la maji, anajua kilichoko pale juu ni vumbi lililoshikiliwa na kitu dhaifu. Kwa sababu hiyo ningeipanga safari ya Kolo ifuate somo la kuchora mawe, isilitangulie. Na kabla ya safari, kila mtoto apake mawe mawili kwa rangi zilezile: moja likae rafuni, jingine liachwe uani masika yote, litazamwe kila Ijumaa kuona ni rangi ipi imeondoka kwanza.