Kuongeza Chumba Upande wa Uani katika Nyumba ya Zamani

Nyumba nyingi za familia zilizojengwa miaka mingi iliyopita katika maeneo ya Ilala, Magomeni na Temeke jijini Dar es Salaam zina umbo moja: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na nyuma uani penye jiko, choo na pengine mwembe. Familia inapokua, jicho la kwanza huangukia uani. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa kuwa uani si mahali patupu panaposubiri kujazwa. Upepo unaoingia kwa mlango wa mbele hupita ukumbini na kutokea huko. Njia hiyo ikizibwa, mwenye nyumba hulipia chumba kimoja na kuviharibu sita.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba na autazame uani kwa siku nzima, na ikiwezekana siku ya mvua. Aangalie kivuli kinaangukia wapi na maji yanatuama wapi. Jua la asubuhi na la alasiri huwa chini na ni gumu kukingwa kwa upenu. Hivyo madirisha makubwa yafaa yaelekee kaskazini au kusini. Chumba kijengwe ubavuni mwa uani, mlango wa ukumbi ubaki wazi, na kati yake na bustani pawe na kibaraza kilichoezekwa. Mwembe usikatwe, kwa maana kivuli chake hupoza uani bure. Msingi nao uwekwe mbali na shina: mti uliokatwa mizizi mikubwa ya upande mmoja waweza kukiangukia chumba kile kile kilichojengwa chini yake.

Jambo linalosahauliwa mno ni maungio. Msingi wa zamani ulikwisha kutitia na kutulia. Mpya bado utatitia. Kuta mbili zikifungamanishwa kwa tofali na saruji, ufa hutokea hapo, na kuuziba kwa lipu mpya kila mwaka ni kupoteza fedha. Mwombe fundi aache nafasi nyembamba kati ya kuta, aijaze kwa kitu kinachonyumbulika, kisha aifunike. Iwapo ukuta wa zamani ni wa udongo, au wa mawe na chokaa, usipigwe lipu ya saruji. Saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta huoza kwa ndani huku ukipendeza kwa nje. Chokaa ndiyo inayoufaa.

Wengi hupenda sakafu ya chumba iwe sawa na bustani. Hupendeza kweli, hadi masika. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi, na ardhi iteremke kutoka ukutani.

Paa jipya laweza kuwa faida au balaa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo bati la mita za mraba 30 likipata mvua ya milimita 40 hukusanya lita zinazokaribia 1,200. Pasipo gata na tangi, maji hayo yote huangukia miguuni pa ukuta wa zamani. Yakikingwa, hufulia nguo na kumwagilia bustani. Yale ya kwanza, yaliyoosha vumbi la bati, yaachwe yapite.

Kibali cha ujenzi kiombwe kwa halmashauri kabla ya jembe kugusa ardhi. Ikiwa nyumba ni ya urithi, warithi wote watie saini ya kukubali, na waandike chumba kipya ni cha nani. Undugu mwingi umevunjika kwa chumba kilichojengwa kwa fedha za mmoja juu ya ardhi ya wote.

Mapatano na fundi yawe ya maandishi: vipimo, aina ya vifaa na malipo ya kila hatua. Vifaa nunua mwenyewe, nawe utunze risiti. Lipa msingi ukikamilika, kisha kuta zikifika kwenye linta, kisha paa. Sehemu ya ufundi ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe, nawe umesimama ndani ukitazama mahali bati jipya linapokutana na ukuta wa zamani.