NGOZI YA USO NA UKAVU WAKE

Katika nchi ya Njombe, iliyo katika milima ya kusini ya Tanzania, mvua za masika hukoma mwezi wa Mei, na mwezi wa Juni baridi huingia. Mji ule umeinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo usiku huwa na baridi kali, na upande wa Kitulo umande huganda juu ya majani. Siku za mvua hupita, na upepo mkavu huvuma. Wakati huo utaona nyuso za watu zimepauka, midomo imepasuka, na mashavu ya watoto yana magamba madogo meupe kama unga. Watu husema, "Ni baridi tu." Lakini hiyo ni nusu ya habari. Katika somo hili tutaangalia sababu za ukavu huo, na jinsi ya kuutunza uso, ili mtu asidhuru ngozi yake wala ya mwenziwe kwa kutojua, kama nilivyofanya mimi.

Kosa la mwalimu

Katika darasa langu alikuwamo msichana mmoja, mwenye bidii na adabu njema. Kipupwe kimoja nilimwona uso wake umekuwa mweupe, hasa mashavuni na pembeni mwa kinywa. Nikadhani hanawi. Nikamwita, nikasema, "Mwanangu, kanawe kwa sabuni, ukajisugue hata uso ung'ae."

Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda zake.

Naye alitii. Alinawa asubuhi, adhuhuri, alasiri na jioni kwa sabuni ya mche, ileile ya kufulia nguo, akajisugua kwa dodoki. Kila alipozidi kusugua, weupe ulizidi. Juma la pili mashavu yakapasuka, damu ikatoka. Wenziwe wakanong'onezana, wengine wakasema ni choa, wengine wakasema ni ukoma. Mwenziwe wa dawati akahama. Siku ya tatu baada ya hayo hakuja shuleni, wala siku iliyofuata.

Nikaenda nyumbani kwao. Bibi yake akanikaribisha, akanipa kigoda, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mtoto huyu ananawa mara nne kila siku kwa ajili ya neno lako. Tazama mwenyewe uso wake."

Sikuwa na la kujibu. Nikasema, "Bibi, naomba twende pamoja zahanati."

Mwuguzi akamtazama mtoto kwa makini. Akamwambia afumbe macho, akamgusa mashavuni kwa unyuzi wa pamba, na mtoto akataja kila mahali alipoguswa. Ndipo mwuguzi akasema, "Si choa, wala si ukoma. Ni ngozi iliyonyang'anywa mafuta yake. Na aliyeyanyang'anya ni sabuni, Mwalimu." Kisha akatueleza jinsi ngozi ilivyo, na maelezo yake ndiyo ninayoyafuata hapa.

Jinsi ngozi ilivyo

Ngozi yetu ina tabaka nyingi. Tabaka la juu kabisa, lile tunaloligusa, ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Limejengwa kwa chembe ndogo sana zilizokufa, ambazo zimelala bapa, moja juu ya nyingine, kama matofali ya ukuta. Na kati ya chembe hizo mna mafuta, ambayo ni kama udongo ushikao matofali pamoja. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu polepole, na baada ya majuma manne hivi au zaidi huanguka zenyewe, nasi hatuoni.

Kazi moja kubwa ya ukuta huo ni kuyazuia maji ya mwili yasitoke ovyo. Mchana na usiku, hata pale tusipotoka jasho, maji kidogo hupenya ngozini na kwenda hewani. Hewa ikiwa na unyevu, maji hutoka polepole. Hewa ikiwa kavu, huyavuta upesi, kama vile nguo iliyofuliwa inavyokauka upesi siku ya upepo kuliko siku ya mvua. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ukavu wakati wa kipupwe.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Sabuni ni kitu chema, maana huondoa mafuta na uchafu. Lakini sabuni haina macho. Haiwezi kutambua mafuta ya chungu na mafuta ya ngozi. Tena sabuni ya kufulia ina ukali kama wa magadi, hali uso wa ngozi yenyewe una uchachu kidogo. Mtu akinawa mara nyingi kwa sabuni hiyo, mafuta yaliyo kati ya chembe hutoka, ukuta hupata nyufa, na maji hukimbia. Maji ya moto sana huongeza madhara hayo, maana huyaondoa mafuta upesi zaidi. Kisha chembe za juu hukauka, hujikunja, na kubanduka kwa makundi. Hayo ndiyo magamba meupe tuyaonayo. Si uchafu, basi. Nayo hayaondoki kwa kusuguliwa.

Maji na mafuta

Watu wengi hudhani kwamba mafuta ndiyo yalainishayo ngozi. Mwaka 1952 mtaalamu mmoja wa Marekani, Irvin Blank, aliandika habari za majaribio yake. Alitwaa vipande vya ngozi ngumu iliyokauka, akavitia katika mafuta ya namna mbalimbali. Vikabaki vigumu vilevile. Lakini vipande vilivyopata maji vikalainika.

Kwa hiyo tukumbuke neno hili: maji ndiyo yalainishayo ngozi, na mafuta ndiyo yayazuiayo maji yasitoke. Mafuta ni kama kifuniko cha mtungi. Mwenye akili huujaza mtungi maji kwanza, kisha huufunika. Kadhalika yafaa mafuta yapakwe wakati ngozi ingali na unyevu, wala isingojewe mpaka imekauka kabisa.

Matunzo ya uso mkavu

Kwanza, uso unawe mara mbili kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi kidogo. Tumia sabuni ya kuogea iliyo laini, nayo iwe kidogo tu; mahali palipopauka sana maji matupu yatosha. Sabuni ya mche iachiwe nguo.

Pili, tumia viganja vya mikono. Dodoki na jiwe ni vya nyayo, si vya uso. Ukiisha nawa, gusisha kitambaa safi usoni mpaka maji yasidondoke tena, wala usisugue.

Tatu, paka mafuta papo hapo, kabla unyevu haujaondoka. Mafuta ya mgando yanafaa sana, tena bei yake si kubwa. Mafuta ya alizeti nayo ni mema, na ya nazi kwa watu wa pwani. Kiasi cha punje moja ya mahindi kwa mafuta ya mgando chatosha uso mzima. Yasiyo na manukato ni bora, maana manukato huweza kuwasha ngozi iliyopasuka. Mwenye chunusi asipake mafuta mazito, ila achague mepesi na kupaka kidogo.

Nne, usiketi karibu mno na moto. Baridi hutuita jikoni, lakini joto la mafiga huukausha uso. Ukienda safari katika upepo, jifunike mtandio au shuka mpaka mashavuni.

Tano, usilambe midomo. Mate hukauka upesi na kuiacha midomo mikavu kuliko kwanza. Ipake mafuta, hasa usiku kabla ya kulala.

Tena kunywa maji ya kutosha, maana mwili wote unayahitaji. Lakini usidhani kwamba utaponya uso kwa kunywa mitungi ya maji, huku unaendelea kuusugua kwa sabuni kali. Ukuta wenye nyufa haujengwi kwa kujaza maji ndani ya nyumba.

Mambo ya kuangalia

Wako watu wauzao mafuta ya kubadili rangi ya uso, wakisema ngozi itakuwa laini na nyeupe. Jihadharini nayo. Baadhi ya mafuta hayo hutiwa zebaki, na zebaki ni sumu. Hupita ngozini, ikaingia mwilini na kuharibu figo. Mwaka 2013 mataifa mengi yalifanya mapatano ya kupunguza matumizi ya zebaki ulimwenguni, yaitwayo Mapatano ya Minamata, kwa jina la mji wa Ujapani ambao watu wake wengi waliumizwa na sumu hiyo. Uso uliopauka kwa baridi hauna haja ya rangi mpya. Wahitaji maji yake na mafuta yake tu.

Tena si kila weupe wa uso ni ukavu. Doa la mviringo, lenye ukingo ulioinuka na kuwasha, huenda likawa choa. Doa lililofifia rangi, lisilosikia mguso, huenda likawa ukoma. Ngozi ikitoa usaha au majimaji, au isipopata nafuu baada ya majuma mawili ya matunzo mema, mwambie mzazi au mwalimu, upelekwe zahanati. Choa kina dawa, na ukoma siku hizi hupona kabisa kwa dawa. Basi hakuna sababu ya kuuficha ugonjwa, wala ya kumcheka aliye nao.

Mwisho wa habari

Yule msichana aliacha dodoki na sabuni ya mche. Bibi yake alimpaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, uso ungali na unyevu. Katika siku chache nyufa zikaanza kufunga, na baada ya majuma mawili alirudi shuleni, uso wake ukiwa laini.

Siku ile nilisimama mbele ya darasa, nikawaambia yote: kwamba mwenzao hakuwa mchafu, wala hakuwa na choa wala ukoma, na kwamba mimi mwalimu wao nilitoa amri juu ya jambo nisilolijua. Darasa likanyamaza. Kisha yule mwenziwe wa dawati akachukua vitabu vyake, akarudi kuketi mahali pake pa zamani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Tangu siku ile, nikiona uso wa mtoto umepauka, huuliza kwanza, "Mwanangu, wanawa kwa nini, na mara ngapi?"

Maswali

1. Kwa nini ngozi hukauka zaidi wakati wa kipupwe?
2. Mafuta yaliyo kati ya chembe za ngozi yafanya kazi gani?
3. Irvin Blank alionyesha jambo gani katika majaribio yake?
4. Kwa nini yafaa kupaka mafuta kabla uso haujakauka?
5. Mwuguzi alimgusa mtoto kwa unyuzi wa pamba. Alitaka kujua nini?
6. Eleza jinsi wewe na wenzako mwezavyo kumsaidia mwanafunzi anayechekwa kwa ajili ya ngozi yake.